Gobore la Mwinjuma wa Pongwe

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya hamsini mwanzoni, Fundi Mkuu hakunipa chombo chochote. Alinikabidhi gobore, akaniambia nitumbukize mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, kisha niupime kwa nje ya mtutu. Mdeki ukikomea njiani, alisema, humo ndani mna kitu, na bunduki yenye kitu haifungwi kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania kazi.

Karakana yetu ilikuwa Tanga mjini, na wateja wengi walikuwa wakulima waliolinda mashamba. Baruti ya gobore huacha masizi mazito. Mwenyewe asipoosha, masizi hayo huvuta unyevu wa pwani na kuleta kutu, na kizibo cha chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma hugandia kwenye hesi zake, ile mikato ya kukizungushia. Tulikiloweka kwa mafuta ya taa mpaka kilegee, tukakifungua polepole, tukasugua kwa brashi na maji ya moto, tukakausha na kupaka grisi. Ukilazimisha, meno ya hesi hukatika. Kizibo chenye meno mabovu huweza kufyatuka kikamrudia mpigaji usoni.

Mwaka wangu wa pili alikuja Mwinjuma, mkulima wa Pongwe. Gobore lake lilikuwa likichelewa kulia, mara nyingine halilii kabisa. Tulipima, tukakuta ni tupu, ila kizibo hakikutikisika. Fundi Mkuu akamwambia aliache lilowe. Mwinjuma akaomba sana apewe hivyo hivyo. Nguruwe walikuwa wanamalizia mahindi yake, na mkewe alikuwa mjamzito.

"Nikikupa hili nimekuua," Fundi Mkuu alimjibu. "Nenda, urudi kesho kutwa."

Mwinjuma aliondoka bila kuaga.

Kizibo kilitoka kesho yake. Nilikisafisha mimi. Hesi zilikuwa nzima, na mtutu haukuwa na ufa.

Aliyelifuata ni mkewe, Bi Mwanaidi, akiwa na kaka yake. Walitoa salamu, wakakaa. Yule kaka ndiye aliyesimulia: Mwinjuma alikwenda kulinda shamba na mkuki, nguruwe dume akampasua paja, akavuja damu mpaka akafa kabla hawajamfikisha barabarani. Walikuwa wamemzika jana yake.

Bi Mwanaidi alilitazama gobore juu ya meza, linang'aa.

"Angelichukua lilivyokuwa," aliuliza, "lingemuua?"

Fundi Mkuu angeweza kusema ndiyo. Nilitamani aseme.

"Hapana, mama," alijibu. "Nimeliona ndani. Huenda lingelia vizuri tu."

Mama yule akaitikia kwa kichwa. Alimwambia kaka yake alichukue, wakatoka.

Fundi Mkuu hakugusa tena gobore. Alinihamishia kwenye meza yake, yeye akabaki kunoa mapanga na kuziba sufuria hadi alipofariki. Mimi baadaye nilipelekwa karakana nyingine karibu na Horohoro, mpakani, nikafanya kazi hiyo hiyo mpaka nilipostaafu.

Vijana huniuliza kama alikosea. Siwezi kusema alikosea. Wateja wenye haraka walinijia miaka yote, nami niliwakatalia vilevile, kwa maneno yale yale ya mwalimu wangu. Kisha nilisimama mlangoni nikamtazama kila mmoja akienda zake mikono mitupu, mpaka asionekane tena.