Pakiti ya Shosho

Sisi tuliokunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, kwa zile pakiti za pembe tatu tunajuana popote tukikutana. Mtu akizitaja tu, unaona uso wa mwenzake unafunguka. Enzi zetu pale Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, lori la maziwa likikata kona ya shule, darasa zima lilikuwa limeshapoteza masikio, na mwalimu angeendelea na hesabu zake peke yake. Tulikuwa tunauma ncha ya pakiti kwa meno, tunanyonya mpaka inalia, halafu tunaipuliza, tunaiweka chini na kuirukia kwa miguu miwili. Ilipasuka mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Watoto wa leo wana simu zenye kila mlio wa duniani, lakini ule hawaujui, na mimi huwahurumia kidogo.

Tulikuwa watu wa kawaida. Baba alifanya kazi kiwandani mjini, akienda na kurudi kwa baiskeli. Mama alilima kipande chetu cha shamba, mahindi na viazi na kabeji. Asubuhi tulikwenda shule pekupeku, na baridi ya Eldoret mnaijua wenyewe. Tulikuwa tunamfukuza ng'ombe mahali alipolala ili tusimame pale na kupasha miguu joto kabla ya kuingia barabarani. Jioni tulicheza kati na bladda, ile kamba ya mpira ya kurukia, mpaka tuitwe mara tatu. Betri za redio zilianikwa juu ya mabati ili zipate nguvu ya kutusomea habari, na ole wako uziangushe.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwako Shosho, mama yake Baba. Mwaka wake wa kuzaliwa hakuujua mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Alichojua ni kwamba treni ilipofika Eldoret mara ya kwanza, alikwenda kuitazama akiwa na watoto watatu, mmoja mgongoni. Alikuwa ametoka Murang'a na mumewe kuja kupalilia mahindi katika mashamba ya wazungu, na mgongo wake ulikuwa umebaki umeinama vile vile, kana kwamba bado kuna mstari mmoja haujaisha. Hakuwa na jino hata moja. Githeri yetu ya mahindi na maharagwe aliitazama tu kwa macho. Yeye aliishi kwa viazi vilivyopondwa na uji, vyote vikilainishwa kwa maziwa ya Kairu, ng'ombe wetu mweusi. Nasema wetu, lakini Kairu alikuwa wa Shosho. Alimnunua kwa jasho lake mwenyewe akiwa ndama, na kikombe cha kwanza cha kila asubuhi kilikuwa chake kabla hata Baba hajaonja chai.

Mimi ni Wanjiku, na Shosho alikuwa Wanjiku. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na hapewi jina tu. Anakuwa yeye. Baba alituita sote wawili Maitu, yaani mama yangu. Ndiyo maana sikuwahi kuchapwa na Baba hata siku moja. Kaka zangu walipata fimbo zao na zangu, na mpaka leo wananinunia kwa hilo. Ungemchapaje mama yako mzazi?

Kila Jumamosi alikuja Mzee Wafula. Huyu alikuwa ametoka Bungoma akiwa kijana na kupasua mbao maisha yake yote, mpaka uzee ukamtoa kazini mikono mitupu. Mke alikuwa amefariki, binti yake wa pekee ameolewa mbali, naye aliishi katika chumba kimoja cha kupanga karibu na maduka. Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama mlango. Alimletea Shosho mzigo wa kuni alizopasua mwenyewe, naye Shosho akamwekea chai ya maziwa katika kikombe kikubwa cha bati. Kisha wakaanza kugombana. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili walichofundishwa na wazungu mashambani.

"Mimi iko mukubwa yako," Mzee Wafula alisema.

"Wewe iko mutoto. Treni nakuja, wewe iko wapi?"

"Mimi iko nakata miti ya hiyo treni!"

Tulicheka hadi tukaumwa mbavu. Mtu yeyote Yamumbi angekuambia kwamba kati ya hao wawili, Wafula ndiye angemzika Shosho. Alikuwa anapasua gogo kwa pigo moja wakati Shosho anahitaji fimbo kwenda chooni.

Halafu kiwanda kikapunguza watu, na Baba akawa mmoja wao. Alirudi akiikokota baiskeli badala ya kuipanda, kana kwamba hata hiyo ilikuwa imeachishwa kazi. Kaka yangu mkubwa alikuwa kidato cha tatu na karo ilikuwa inadaiwa. Wazazi walikaa siku kadhaa wakinong'ona, wakiogopa kutamka kitu ambacho wote walikuwa wanakifikiria. Shosho ndiye aliyewaondolea mzigo. Alitoka nje na fimbo yake, akampapasa Kairu shingoni, akamwambia Baba, "Uza. Kijana asome. Mimi nimeshakula yangu."

Kairu aliuzwa mwezi wa tano. Mwezi wa sita baridi ikaja.

Sikuwa nimewahi kujua kwamba mzee anaweza kupungua mbele ya macho yako. Nilikuwa na miaka tisa. Shosho alikuwa anakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na uji mwepesi, anasema ameshiba, na kila wiki blanketi lilionekana kubwa zaidi juu yake. Aliacha kutoka kuota jua. Nikimshika mkono wa kumwinua, vidole vyangu vilizunguka na kukutana. Mama alikuwa anaenda kuomba kikombe cha maziwa kwa jirani, lakini jirani naye ana watoto, na huwezi kuomba kila siku. Hakuna aliyesema Shosho ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa tu amekosa kile kikombe cha asubuhi. Mimi niliogopa sana, kwa ajili yake na kwa ajili yangu pia, kwa sababu sikujua Wanjiku mmoja akienda yule mwingine anabakije.

Ndipo nikawa mwizi wa maziwa yangu mwenyewe. Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Ruth, mama mmoja mrefu wa kutoka Kakamega, alikuwa na sheria. Maziwa yanywewe hapo hapo mbele yake na pakiti tupu apewe mkononi aikague kabla ya kuturudishia tukaipasue, kwa maana kulikuwa na vijana waliokuwa wakibadilisha maziwa kwa mandazi dukani. Mimi niliweka pakiti tupu ya siku moja. Siku iliyofuata ya maziwa nilificha ile iliyojaa katika mfuko wa vitabu, nikajifanya nanyonya ile tupu kwa kelele nyingi, nikaipeleka ikaguliwe, nikarudishiwa. Nilitoka shule mbio mpaka nyumbani, nikamkalisha Shosho, nikamkatia ncha. Alikunywa polepole huku amefumba macho. Hakuuliza nimeyatoa wapi. Nadhani alijua, na nadhani alikuwa na njaa.

Hila hiyo ilikwenda wiki tatu. Kosa langu ni kwamba pakiti tupu niliyokuwa nikiizungusha ilikuwa ile ile moja, na sikufikiria kuiosha. Siku moja Mwalimu Ruth aliipokea, akasita, akaipeleka puani.

"Wanjiku. Hii inanuka maziwa ya mwezi jana. Ya leo iko wapi?"

"Iko kwa bag, Mwalimu."

"Unauzia nani?"

"Siuzi. Ni ya Shosho."

"Na mimi nilisema aje? Kila mtoto akunywe yake mwenyewe."

Nikasema kile nilichojua. "Shosho ndiye mimi, Mwalimu."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Nilingoja kiboko. Mwalimu Ruth aliniambia nikae chini, na saa kumi nikaona ananifuata njiani, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

Shosho alijifunga kitambaa chake cha kanisani kumpokea mgeni. Baba alikuwa shambani, akamwona mwalimu akiingia, akapaza sauti kutoka kwenye mahindi, "Maitu! Letea Mwalimu kiti!" Mimi nikaruka. Shosho naye, na udhaifu ule wote, alikuwa ameshaanza kuitafuta fimbo ainuke. Tukagongana mlangoni. Mwalimu Ruth alitutazama wawili, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akauona ule mkono uliokonda ulioshika fimbo, akamsaidia Shosho kuketi tena.

Sheria yake hakuibadilisha. Kesho yake aliniambia mbele ya wote kwamba nitakunywa maziwa yangu hadi tone la mwisho, na nikanywa. Lakini kila siku ya maziwa walikuwepo watoto ambao hawakufika shule, na pakiti zao zilikuwa za chai ya walimu. Tangu siku hiyo, pakiti mbili zilifungwa kwa gazeti na kuwekwa kwenye mfuko wangu kabla ya kengele. Wenzangu waliotumwa ofisi ya walimu walisema Mwalimu Ruth siku hizi anakunywa strungi. Hakuwahi kulitaja, nami sikuwahi kumshukuru kwa maneno. Nilikuwa mtoto. Namshukuru sasa.

Shosho alianza kurudi. Kwanza sauti, halafu ugomvi. Siku aliyogombana na Mama kuhusu viazi vibichi, Mama alifurahi karibu alie. Siku aliyotoka kuota jua, aliketi kwenye kigoda chake, akatazama njia, akauliza, "Wafula iko wapi?"

Hapo ndipo sote tukatazamana. Mzee Wafula hakuwa amekuja tangu Kairu auzwe. Tulikuwa tumeshughulika na wetu, na kama tulimfikiria, tulifikiria ana kazi mahali. Baba alikwenda chumbani kwake. Alimkuta kitandani, moto umezimika, yale mabega yamebaki mifupa. Alikuwa amewaambia watu kwamba hawezi kwenda kwa yule mama Mkikuyu kumwongezea kikombe cha kujaza wakati ng'ombe hayupo. Kuni za Shosho zilikuwa zimefungwa vizuri, zimeegemezwa ukutani, na yeye mwenyewe hakuziwasha. Walimpeleka hospitali ya misheni Plateau kwa trekta ya jirani. Madaktari walijitahidi, lakini alikuwa amechelewa. Aliishi siku nne tu.

Shosho hakulia mbele yetu. Zile kuni zililetwa nyumbani, na alikataa zisichomwe kwa siku nyingi. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba miaka yote hii: "Wafula alinishinda nguvu. Mimi nilimshinda watu."

Baada ya hapo alikunywa kila pakiti kama anayetimiza kazi, hadi tone la mwisho, hata siku ambazo hakuwa na hamu. Baba alipata kibarua, baadaye kazi, na mwaka uliofuata tukanunua mtamba. Shosho aliishi miaka saba mingine. Aliniona naingia sekondari, akaniona narudi na Kiingereza kingi, akanicheka. Alifariki mchana mmoja wa jua, kikombe kikiwa pembeni, kimekwisha. Nimekutana na watu waliosoma sana, wenye majina makubwa. Sijakutana na mtu niliyemstahi kama yule bibi aliyeuza kikombe chake mwenyewe kisha akakubali kulishwa na mtoto bila kuona haya.

Leo naishi mtaa wa West Indies hapa Eldoret, ghorofa ya pili. Maziwa yako dukani ya kila aina, mengine yana picha ya matunda, na vijana wetu wakitaka wanabonyeza simu na pikipiki inaleta mpaka mlangoni. Hawajui lori, hawajui kungoja, na sioni kosa lao. Dawa ziko kila kona kwa mwenye pesa. Lakini zamani mzee akikosa kuonekana, ilikuwa aibu ya kijiji kizima. Sasa tunasema labda amesafiri.

Chini yetu kuna mzee mmoja anayeishi peke yake. Watoto wako ng'ambo na wanamtumia pesa, kwa hiyo hakuna anayemhofia. Kila asubuhi hutoa kiti na kuota jua karibu na geti. Tangu Jumatano sijakiona kile kiti.

Mjukuu wangu yuko hapa kwa likizo ya Agosti, ana miaka sita, na jina lake mnalijua. Nimemwita kutoka kwenye simu yake, akanuna kidogo. Nimempa chupa ya chai ya maziwa, nimemshika mkono, na tunateremka ngazi sote wawili. Ameniuliza akigonga aseme ni nani.

Nimemwambia aseme ni Wanjiku.