Mama Aja Kuiona Gesi

Mama huyu hajawahi kunong'ona maishani. Hata siri huzisema kwa sauti ya kuita watoto waliovuka barabara. Sasa binti yake, mfanyakazi wa maabara ya gesi baridi, alikuwa anamwingiza mahali ambapo kukohoa tu ni kosa.

Lakini angefanyaje? Mama alikuwa amesafiri kutwa nzima kwa neno moja: "Nataka nikione hicho kitu kilichotunyang'anya wewe." Dada zake wote walijenga jirani na nyumbani. Yeye ndiye aliyetokomea, tena kwa ajili ya gesi, na mama alikuwa na kinyongo ambacho hakujisumbua kukificha.

Maabara yenyewe ilikuwa meza pana iliyojaa vioo vidogo, na katikati chupa iliyotolewa hewa yote. Miale ya leza ilizishika atomu za gesi humo ndani, ikazipoza kupita barafu yoyote, kisha sumaku ikazifanya zisukumane kwa nguvu. Leza hizo hudeka: zikisikia kelele hutibuka, na kazi inaanza upya.

"Karibu, mama," fundi wa leza alinong'ona.

"Ahsante, baba, tumeshakaribia," mama akajibu kwa sauti yake ya kila siku.

Leza zikatibuka. Fundi akazirekebisha. Mara ya pili mama akauliza mbona watu wazima wanakaa gizani na taa zipo. Zikatibuka tena. Mara ya tatu alijiziba mdomo kwa mtandio, macho yamemtoka pima, na hapo ndipo mambo yakaenda.

Kwenye kompyuta likatokea wingu jembamba la atomu hizo, limelala kama kijiti. Kulipiga picha ni kuliua, maana mwanga wa picha huzitawanya atomu, kwa hiyo wakatengeneza jingine, safari hii wakazima miale iliyolibana, wakaliacha litanuke kidogo kabla ya kulipiga picha. Lilikuwa limetanuka ubavuni, lakini urefu wake uko vilevile.

Mama akautoa mtandio. "Limenenepa hili. Mbona kwa ubavu tu?"

"Atomu zinasukumana, mama. Upande uliobanwa zaidi ndio unaokimbia kwa kasi ukifunguliwa."

Leza zilikuwa zimeshatibuka, wala hakuna aliyejali. Mama akaisogelea kompyuta, akaufuatisha ubavu wa lile wingu kwa kidole.

"Wewe ndiye uliyekuwa unalala ukutani," alimwambia binti yake. "Watoto watano kitanda kimoja, wenzako wote wanakusukuma. Asubuhi nakukuta umebandikwa pale kama kalenda."

"Nakumbuka, mama."

"Na mimi miaka yote hii nawaambia watu hukutupenda."

Mama akavuta kiti, akaketi, akamgeukia fundi.

"Baba, tengeneza jingine. Na hilo usilikatize haraka. Liache liende mbali linavyotaka."