Mawese ya Panya

Miaka ile ya Zaire nililisha panya nyuma ya hospitali moja hapa Kamina. Munganga aliyenipa kazi alikuwa akichunguza sumu ya risasi, madini yaliyomo ndani ya betri za magari. Panya wote walikunywa maji yenye risasi. Nusu yao walitiliwa mawese katika unga, nusu hawakutiliwa. Alinieleza kwamba risasi hula mwili kwa ndani kama kutu inavyokula bati, na kwamba huenda mawese yakaizuia kutu hiyo.

Nilimsikiliza kuliko alivyojua. Mume wangu alikuwa akiyeyusha betri kuukuu karibu na kambi ya askari. Tumbo lilimkaba kila siku, na viganja vyake vilikuwa vimeanza kulegea. Mawese hakuyapenda kabisa.

"Baba, kunywa kidogo," nilimwambia.

"Weye unataka kunifanya panya yako?" Alicheka. "Ngojea. Kama bale ba mafuta banapona kupita benzabo, minyi nitakunywa hata chupa muzima."

Masanduku ya panya yalikuwa ubavu kwa ubavu. Nilipowapa wale wa mawese unga wao, wengine walisogeza pua kwenye waya, wakitazama. Kwetu huwezi kumlisha mmoja mbele ya mwenzake mwenye njaa. Mama yangu angenipiga kwa hilo. Nikawagawia wote, kidogo kidogo, tangu siku ya kwanza.

Munganga alipowapasua na kuangalia maini, yalifanana yote.

"Mama, mafuta haisaidie kitu," alisema, akafunga daftari.

Nilifikisha habari hiyo nyumbani.

"Unaona?" mume wangu akasema, akageukia ukuta.

Siku mbili mimi nilishindwa kula. Ya tatu nilimwambia munganga nilichofanya. Alivua miwani, akafungua ukurasa mpya wa daftari.

"Tuanze tena, mama," akasema.

Mume wangu naye nilimwambia.

"Kumbe ulilisha bageni bote!" Alicheka mpaka tumbo likamkamata. "Basi tungojee bale bengine."

Nilimsihi asingoje. Akangoja.

Alikufa wakati panya wa mara ya pili walikuwa bado wanakula. Niliporudi kazini baada ya matanga, munganga alikuwa amekwisha kuwapasua. Alitoka na daftari mkononi, akaanza kunieleza. Nilimwomba asiniambie. Baadaye alihamishwa, kabla sijapata nguvu ya kuuliza, na mpaka leo sijui maini yale yalikuwaje.