Maiti Aliyekoroma

Mzee niliyefunga naye mizigo ghalani Malton, nje kidogo ya Toronto, alikuwa mwigizaji huko kwao Kolkata, India. Alianza jukwaani angali mvulana, akaingia kwenye filamu, mwishowe akawa anaziongoza mwenyewe. Kisha akawafuata wanawe Toronto, na kwa miaka tisa hakupanda jukwaa tena.

Hatimaye akapata ukumbi wa kuigizia mtaa wa Parkdale, Jumapili moja mchana. Mkuu wa kundi la maigizo la kwao, aliyekuwa ziarani, aliahidi kuja kumtazama. Akiridhika, angemwita nyumbani aongoze tena.

Mzee alikosa maiti.

"Kibengali sijui hata neno," nilimwambia.

"Maiti anaongea? We lala tu, mdogo wangu. Nimekuona ukilala kwenye basi, una kipaji."

Siku hiyo nilitoka zamu ya usiku nikaenda moja kwa moja. Wakanilaza, wakanifunika shuka. Taa zilikuwa na joto, na sauti yake akinililia kama ndugu yake ilinirudisha Tanga, kwa bibi yangu akisoma uradi chumba cha pili.

Nikashtushwa na kicheko cha ukumbi mzima. Nilikuwa nimekoroma.

Nyuma ya pazia akaniuliza, bila hasira, "Imekuwaje?"

Ningeweza kusema nimesinzia. Nikashika kifua. "Moyo, mzee. Pumzi ilikata."

Akaita teksi papo hapo. Mlangoni mgeni wake alikuwa anamsubiri, mkono ameshaunyoosha. Mzee akampita. "Baadaye, tafadhali. Huyu anaumwa." Akapanda nami na vazi lake la jukwaani, wanja umemchuruzika mashavuni. Njia nzima ningeweza kumwambia turudi. Nikaendelea kuhema.

Hospitalini tulingoja kwa muda wa saa nne, koti langu amelipakata. Daktari akanipima, akarudi na kusema mbele yake, "Moyo mzima kabisa. Mara ya mwisho umelala lini?"

Mzee akanitazama kwa macho ya mtu aliyepima waigizaji maisha yake yote.

"Kwenye teksi uliigiza vizuri sana," akasema. "Nilikuamini."

Mgeni aliondoka kesho yake asubuhi bila kuonana naye. Mzee hakunilaumu, aliendelea kunisalimu na kunigawia chai ya chupa yake. Mwezi huohuo nikaomba kuhamishiwa ghala jingine. Watu wakiniuliza kwa nini, nawaambia ni kwa sababu ya basi, lilikuwa linachelewa.