Sigara nilizomwekea Mzee Salvatori

Leo nimeona mapafu ya mtu niliyoyaharibu kwa akili nyingi.

Muuguzi mmoja wa Mbarara aliniambia kwamba kuacha sigara kunahitaji maandalizi: chagua siku, watangazie watu, ondoa sigara zote nyumbani.

Siku yangu ni kesho, kama nilivyowatangazia hapa.

Sasa, huku kambini Nakivale hatutupi kitu kizima. Nilikuwa na paketi mbili. Nikafikiri kama mwalimu: nani hawezi kuzigusa? Ni jirani yangu Mzee Salvatori, aliyeacha miaka miwili iliyopita alipougua kifua kikuu. Siku nne zilizopita nikampelekea, nikamweleza vizuri kwa nini kwake ndiko salama.

Leo mchana nikapita kwake. (Ndiyo, nilikwenda kuomba moja ya kuagana. Chekeni.)

Nikamkuta nyuma ya nyumba anakohoa, machozi yanamtoka, sigara mkononi.

"Mwalimu, zimebaki mbili," akasema. "Moja nimekuwekea."

Nikaanza kumweleza habari za mapafu. Mke wake akatoka jikoni, akanikatiza.

"Nyamaza, Mwalimu. Miaka miwili nimemlinda huyu mzee kwa dawa na maombi. Wewe umemmaliza kwa siku nne."

Kisha akaniletea kiti, na ukuni unaowaka.

"Keti. Muvute, mumalize. Nataka kuona nitamzika nani kwanza."

Ninyi mliokuwa mkinipongeza hapa wiki nzima, mngefanya nini?

Mimi niliketi.