Sera, Dada Yao, na Kaburi la Babu

Zamu yangu ya kusoma Neno kwenye jumuiya iliangukia orodha ya watu wa Yakobo walioshuka Misri. Majina matupu ya wanaume, ulimi unanigoma, majirani wanabana vicheko. Nikafika kwa wana wa Asheri, na mwisho kabisa nikamkuta Sera, umbu lao, yaani dada yao. Basi, hakuna kingine. Nikauliza huyu Sera alifanya nini, kiongozi akasema tuendelee, muda umekwenda. Nilirudi nyumbani nimevimba.

Hasira yenyewe naijua ilikotoka. Siku tuliyomzika bibi, wanawe wa kiume walisomwa kwa majina, na kazi zao, na mikoa wanayoishi, kisha msomaji akamalizia: na dada yao. Dada huyo ni shangazi yangu. Aliolewa akiwa msichana, akakaa miezi mitatu, akarudi kwetu Masama na sanduku lake, na tangu hapo ndiye anayepalilia kahawa na kukamua ng'ombe kwenye kihamba, shamba letu la ukoo. Baba mkubwa alishamwambia bila kupepesa macho kwamba kihambani huzikwa wanaume na wake zao. Yeye siku yake ikifika, makaburi ya kanisa yapo.  Mimi shangazi aliniambia wazi kwamba haogopi kufa, anaogopa kulazwa na watu asiowajua.

Nikamtafuta Sera kwenye simu. Kumbe Wayahudi wana masimulizi yake tele. Eti ndiye aliyemwimbia Yakobo taratibu kwamba Yusufu yu hai, mzee asije akafa kwa mshtuko, na babu huyo akambariki asionje mauti. Akaishi, akaishi. Musa alipotaka kuwatoa watu Misri na mifupa ya Yusufu, waliyoapa kuondoka nayo, haijulikani ilipo, wote waliojua wameshakufa, akamwendea bikizee mmoja tu. Sera akamwonyesha.

Nilimsimulia shangazi mchana mmoja wa ukungu, tukimenya ndizi za supu ya mtori. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, migomba inaonekana nusu na nusu haipo, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye kwa jirani. Sijui nilisimulia kwa muda gani. Shangazi alikuwa ameacha kumenya, kisu mkononi, vidole vimeingia weusi wa utomvu.

"Na yeye walimzika wapi?" akauliza.

Nikamwambia hawakumzika, inasemekana aliingia peponi akiwa hai.

"Basi hawakumpa mahali," akasema, akachukua ndizi nyingine.

 Niliumia sana, nikainuka nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Desemba ndugu wakapanda kutoka mikoani kama kawaida. Baba mkubwa alikuja na fundi kutoka Moshi mjini, saruji na vigae kwenye pikapu, kulijengea kaburi la babu. Shida ikawa kulipata, maana bibi tulimzika karibu na nyumba, mbali na mumewe. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa zamani, masale, mimea tunayotilia alama makaburi na mipaka, yaliyopandwa juu yake yamezaliana mpaka mpakani, na migomba nayo huhama, kila mwaka inachipukia pembeni. Baba na kaka yake walizunguka tangu chai ya asubuhi, huyu akisema ni hapa, yule ni kule kwenye mfereji, na fundi amekalia ndoo anachezea simu. Nakiri nilifurahi kuwaona wanahangaika. Mwishowe wakamwita shangazi.

Akaja polepole, kanga mabegani, akitokea ndani ya ukungu kidogo kidogo. Baba mkubwa akamwomba awaonyeshe, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake.

"Nitawaonyesha," shangazi akasema. "Na mimi nitalala wapi?"

Baba akaangalia viatu vyake. Baba mkubwa akakohoa, akaanza habari za mila na wazee walivyotuachia. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, akageuka, akaanza kurudi nyumbani. Alikuwa karibu kupotea kwenye ukungu baba mkubwa alipomwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo mimi sikujua kama analo.

"Chagua mwenyewe," akamwambia.

Shangazi akarudi. Akapita katikati yetu bila kutuangalia, akaingia kati ya migomba miwili, akatandika kanga juu ya majani makavu, akajilaza chali. Akafumba macho. Maji ya mfereji yakawa yanapita, na alikaa hivyo muda mrefu hata nikaogopa. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akapapasa udongo pembeni yake.

"Baba yuko hapa," akasema.