Maneno ya Shoto Yalipohamishwa

Shemeji yangu ni kinyozi, na kabla hajaugua watu hawakwenda kwake kunyoa tu. Walikwenda kusikiliza. Mkasi ulifanya kazi na mdomo ulifanya kazi, na kati ya viwili hivyo mdomo ndio uliowahi kufungua duka na ndio uliochelewa kufunga. Dada yangu alizoea kusema kwamba ameolewa na redio isiyo na pa kuzimia. Mtaani wanamwita Shoto, maana tangu utotoni hutumia mkono wa kushoto. Walimu walimchapa ili abadilike, wakachoka wao.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua na ulimi. Mkono wa kushoto kikauacha, nami husema kama kiharusi kina macho basi siku ile hakikutazama vizuri, kwa sababu mkono ambao kwa mtu mwingine ungekuwa wa kushikia taulo, kwa Shoto ndio unaoshika mashine. Alifanya mazoezi, akarudi dukani, akanyoa kama zamani, polepole kidogo. Maneno ndiyo hayakurudi. Aliyaelewa yote, hata umbea ulionong'onwa chumba cha pili, lakini akifungua mdomo hutoka "ta, ta, ta", na kuandika ni hivyohivyo. Mtu aliyekuwa na maneno ya kugawa akabaki anaomba chumvi kwa kidole.

Hospitali wakatupa programu ya kuweka kwenye tableti. Skrini nzima imejaa vijipicha. Ukigusa picha, tableti inasema neno. Sauti tulirekodi wenyewe. Kaka yake mkubwa, ambaye sauti yake na ya Shoto zilifanana mpaka kwenye simu dada yangu alikuwa akiwachanganya, alikaa sebuleni kutwa akiyasoma maneno kwa madaha kama msoma taarifa ya habari. Ni mtu wa makuu huyo kaka, anapenda kusikika, lakini siku ile nilimpenda.

Tableti ikawekwa kwenye rafu ya mbao, chini ya kioo cha kunyolea. Mwanzoni Shoto alilitafuta kila neno kama mtu anayetafuta sindano gizani. Baadaye kidole kikajua njia. Macho yanabaki kwenye kichwa cha mteja, kidole kinakwenda chenyewe pembeni: "Inamisha kichwa." "Geuka kidogo." Hata utani ukarudi. Kulikuwa na picha ya mbuzi, tuliyoiweka ili aombe nyama akiitamani, lakini yeye aliigusa kila mteja mwenye ndevu alipotokea mlangoni. "Mbuzi," inasema tableti, kwa sauti nzito ya kaka mkubwa, na duka zima linaangua kicheko.

Basi binti yao wa pekee akapata mchumba, fundi umeme, kijana mpole ambaye hata chai hunywa bila kelele. Wazazi wake wakaleta habari kwamba Jumamosi watakuja kuposa. Binti akamwongezea baba yake ukurasa mzima wa maneno ya shughuli: karibuni sana, tumewasikia, tumekubali. Shoto aliufanyia mazoezi mbele ya kioo hadi dada yangu akaomba likizo.

Tusimcheke. Mtu huyu alikwisha kukaa mbele ya daktari huku daktari akiongea na dada yangu kana kwamba yeye hayupo. Alikwisha kusimama dukani, pesa mkononi, na muuzaji akamwuliza dada yangu, "Mzee anataka nini?" Amevumilia mengi. Lakini siku ya kuposwa mwanawe hakutaka aulizwe mtu mwingine. Alitaka ajibu yeye.

Wiki hiyohiyo, asubuhi, tableti ikaamka na sura nyingine. Tulikuja kuelewa baadaye kwamba programu ilikuwa imejibadilisha yenyewe. Picha zilizokuwa za mraba zimekuwa za duara, zina rangi za pipi. Zimepangwa upya kabisa. Ukurasa wa posa hauonekani. Sauti ya kaka imepotea, na mahali pake ameingia mwanamke anayetamka Kiswahili kana kwamba ana kokoto mdomoni.

Shoto hakuwa na habari. Kwenye kiti alikaa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu ambaye meno yake hatujawahi kuyaona. Kidole kikaenda palepale pa kila siku kusema "inamisha kichwa." Yule mwanamke akatangaza kwa nguvu: "Nataka kwenda chooni."

"Nenda tu, mzee," akasema mwalimu. "Nitasubiri."

Shoto akatikisa kichwa, akagusa palipokuwa na "samahani." Mwanamke akasema, "Chakula hiki si kitamu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mwalimu mkuu alionyesha meno. Mimi nilikuwepo, nimeleta mataulo yaliyofuliwa, na nasema kweli kwamba kicheko kile kiliniuma. Kile cha mbuzi Shoto alikitengeneza mwenyewe. Hiki kilimwangukia.

Binti alikaa na tableti hiyo siku mbili, akibonyeza huku na huku, asile. Mpangilio wa zamani haukurudi. Akawaandikia wenye programu. Wakamjibu haraka, tena kwa adabu: wanafurahi kutuletea mwonekano mpya ulio rahisi zaidi, wanatutakia matumizi mema. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawa ya moto.

"Rahisi kwa nani?" nikamwambia. "Waandikie hivi: mtu akiingia kwako umelala, akahamisha kitanda, jiko na choo, halafu asubuhi akakupa hongera, utamkaribisha chai?"

"Mama mdogo, siwezi kuwaandikia hivyo."

"Basi nipe niandike mimi."

Hakunipa. Amelelewa vizuri, si na mimi.

Dada yangu akajaribu kutuliza, akisema ataizoea tu, kila kitu ni mazoea. Ni kweli. Lakini ile ya kwanza aliizoea kwa miezi, na wageni walikuwa wanakuja keshokutwa. Jioni ile Shoto aliiviringisha tableti kwenye taulo, akaisukuma chini ya sinki. Kisha akanyoosha kidole kwenye picha ya kaka yake ukutani, akajigusa mdomo. Tukaelewa. Kaka aseme kwa niaba yake.

Kaka mkubwa alikubali kabla hajamaliza kuambiwa. "Sauti si ni ileile?" alisema. "Hata hamtaona tofauti." Dada yangu akaingia jikoni akalia, na vitunguu hata hajaanza kukata.

Mimi si mtu wa kulia. Kesho yake nilikwenda dukani kumgombeza, maana shemeji ni wa kugombezwa. Njiani nilijiandalia maneno: wewe Shoto, walimu walikuchapa hukubadilika, leo unashindwa na kidude cha betri? Nilifika mlangoni mdomo umeshafunguka, nikaufunga.

Kwenye kiti alikuwa dereva mmoja wa lori, mteja wa siku nyingi. Shoto alikuwa akimpunguza nyuma ya shingo. Tableti haipo, iko chini ya sinki na taulo lake. Nikaona mkono wa kushoto unaacha kichwa, unashuka kwenye rafu, kidole kinagonga mbao tupu, pembeni chini. Dereva akainamisha kichwa.

Nikadhani ni bahati. Nikakaa. Baada ya muda kidole kikagonga tena, safari hii katikati. Dereva akageuka kidogo.

"Wewe," nikamwambia, "nani amekwambia ugeuke?"

"Yeye."

"Amesemaje, na hakuna tableti?"

Dereva akanitazama kwenye kioo kama mimi ndiye mgonjwa. "Si amegonga pale? Pale ni kugeuka. Kule pembeni ni kuinama. Mbona kila siku ni hapohapo?"

Shoto mwenyewe alikuwa amesimama, mashine inanguruma hewani, anautazama mkono wake. Nadhani hakujua kwamba umekuwa ukisema. Kidole kilikuwa kimeendelea na safari zake bila kumwuliza, na wateja, ambao miezi yote hiyo walikuwa wamekaa mbele ya rafu ile, walikuwa wamejifunza njia bila wao pia kujua.

Gombo langu la maneno likayeyuka. Nikampigia simu binti, nikamwambia aache kila kitu aje na gundi.

Fundi seremala wa ng'ambo ya barabara alitukatia kipande cha ubao mwepesi, ukubwa wa tableti ile. Shoto akagonga, sisi tukataja neno, binti akachora na kubandika picha mahali palepale. Wateja waliokuwa wakisubiri zamu walijitia katikati.

"Hapo ni 'bado kidogo.'"

"Acha uongo, 'bado kidogo' iko juu yake. Mimi kichwa changu kina makovu, naisikia kuliko wewe."

Shoto akitikisa kichwa, tunabandua. Akikubali, tunasonga mbele. Alicheka siku hiyo hadi machozi, na tangu augue sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Ubao ulipojaa binti akaufunika kwa plastiki safi, halafu akauliza, "Baba, nikuwekee na yale maneno ya posa? Pembezoni hapa pana nafasi."

Shoto akakataa. Yale kidole chake kilikuwa bado hakijayazoea. Akajipiga kifua, akaupiga ubao: haya ndiyo yangu.

Hapo tukaanza kuogopa upya. Karibu maneno yote ya ubao ule yalikuwa ya kinyozi. Nani amewahi kujibu posa kwa maneno ya kunyolea?

Jumamosi wageni walijaa sebuleni. Ubao hauna sauti, kwa hiyo alihitajika mtu wa kusoma, na kaka mkubwa alikwisha kaa kando ya mdogo wake, amevaa suti, ndevu amezichana. Mjomba wa kijana akatoa ombi lao vizuri, kwa unyenyekevu. Shoto akaweka kidole kwenye "karibu."

Kaka akasimama. "Ndugu zetu wapendwa, kwa niaba ya ukoo wetu mzima, ninayo heshima kubwa, tena heshima isiyo na kifani..."

Shoto akaupiga ubao kwa kiganja, pa! Kaka akanyamaza, akainama kuona kidole kimehamia wapi, akasoma kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari: "Mbuzi."

Wageni hawakuelewa, wenyeji walikufa kwa kicheko. Kaka mwenyewe akashika ndevu zake, akavumilia kidogo, akashindwa, akacheka kuliko wote. "Haya," akasema, "nimefukuzwa kazi." Akahama kiti.

Shoto akamwita kijana kwa mkono aje akae pale. Kijana akaja, jasho linamtoka, akauangalia ubao kama mtu aliyepewa mtihani wa somo asilolisoma. Kidole kikagusa. Akasoma: "Usiogope." Watu wakacheka tena, naye akapumua.

Kidole kikasogea. "Kaa vizuri," akasoma, na akajiweka sawa kwenye kiti kwa haraka hadi mama yake akatabasamu.

Kisha kidole kikaenda karibu na ukingo. Kijana akasoma polepole, "Ikiuma, sema." Ni neno ambalo Shoto humwambia mteja mashine inapopita karibu na sikio. Akamwonyesha kijana, akamwonyesha binti yake, akamrudia kijana, akagusa tena palepale. "Ikiuma, sema," kijana akarudia, na safari hii hakuwa anasoma tu. Dada yangu alinishika mkono, akaniumiza, sikusema.

Mjomba akasubiri kwa heshima, kisha akauliza, "Basi mzee wetu, sisi tukawaambie nini waliobaki nyumbani? Jibu letu ni lipi?"

Ilikuwa ndiyo saa yenyewe. "Tumekubali" haikuwepo kwenye ubao, na binti alinitazama kwa hofu. Shoto hakuharakisha. Kidole kilipanda hadi kona ya juu, kwenye picha ndogo ya uso wa binti yake. Neno la picha ile ni moja, na hulitumia akitaka kumwita.

"Mwanangu," kijana akasoma, akageuka kumtazama binti. Binti naye akainuka, akidhani anaitwa.

Shoto akamwashiria akae. Akaigusa picha ile mara ya pili, kisha akaunyanyua mkono kutoka kwenye ubao, akauweka juu ya kifua cha kijana.

Kijana alifungua mdomo asome, neno likamkwama. Kaka mkubwa, aliyependa kusikika, hakumsaidia. Mwishowe hakulisoma. Aliinamisha kichwa, akaitika:

"Naam, baba."